Mraba Mmoja kwenye Jicho la Waziri

Mlinzi wa lango alichorwa akitazama kulia. Tumu alikuwa na hakika, kwa sababu mkono wake ndio uliojaza ile miraba miwili ya weusi, mmoja kila jicho, kisha akafunga daftari kabla ya magharibi. Asubuhi alipolifungua, mlinzi alikuwa akimtazama yeye.

"Dada, kuna aliyegusa daftari langu?"

Kaltuma alikuwa uani, ameikalia mbuzi akikuna nazi. Hakuinua kichwa. "Nani ana haja na daftari lako la hesabu, Tumu? Mimi hata hesabu ya chumvi ya mchuzi inanishinda."

Tumu akajiambia ni macho yake, yamechoka. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, ameachwa, amerudi kukaa na dada yake na shemeji yake Stambuli katika mtaa wa Shela, Malindi. Kazi yake ilikuwa kuchora nakshi za kofia kwenye karatasi ya miraba, na wanawake wenzake wakazishona. Mwaka ule, themanini na sita, Mtaliano mmoja aitwaye Renzo aliziona zile karatasi sokoni akamfuata mpaka nyumbani. Renzo alikuwa na kompyuta ndogo aliyoiunganisha na televisheni, na alikuwa akitunga mchezo: mtu anaingia ngomeni, na kila anayezungumza naye, sura yake inatokea pembeni mwa kioo. Alihitaji mtu anayejua kufikiri kwa miraba. Ishirini na minne kwenda chini, ishirini na minne kwenda kando, na kila mraba rangi moja tu.

Tumu alianza na watatu: mlinzi, nahodha na waziri. Renzo alizitia kwenye televisheni akazitazama huku akijisugua ndevu.

"Tumu, mkono wako mzuri. Lakini watu hawa wamekufa," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokota. "Onyesha watu. Uliza wao. Kila mtu aseme kasoro, wewe tengeneza."

Basi Tumu akauliza. Kaltuma akasema kichwa cha mlinzi kimekaa mabegani kama chungu juu ya mafiga. Stambuli, mtu mpole ambaye tangu Tumu aachwe hakuwahi kumwonyesha kwamba ni mzigo, alivaa miwani yake, akatazama, akacheka. "Mimi si mjuzi wa picha, shemeji. Lakini mlinzi wako ana sura ya mtu mwema mno. Huyo atamzuia nani, na atamfukuza nani?"

Siku ya tatu, baada ya adhana ya adhuhuri, Kaltuma yumo chumbani anasali na Stambuli yuko msikitini, mwanamke akasimama kwenye mlango wa uani. Hakupiga hodi. Alikuwa kijana, amejifunga leso mbili zilizopauka hata maandishi yake hayasomeki, na miguu yake ilikuwa myeupe mpaka kwenye vifundo, kama aliyekanyaga unga. Pamoja naye iliingia harufu ya tope la mikokoni maji yakishatoka.

"Nimesikia unawauliza watu kasoro za sura zako," alisema. Ulimi wake ulikuwa ukigonga kinywani kwa ukavu.

"Ni kweli. Karibu ndani, keti."

"Sikai. Nipe maji."

Tumu akampa kata moja. Akanywa, akaomba nyingine, na nyingine, mpaka mtungi ukabaki tupu, na midomo yake ikawa bado imepasukapasuka vile vile. Kisha akainama juu ya daftari. "Shavu hili limejaa. Toa miraba miwili. Hapa juu ya nyusi ana kovu. Mdomo upeleke kushoto, mraba mmoja; alikuwa akitafuna msuaki upande huo."

Tumu alifuta, akajaza. Alishangaa namna alivyotii, lakini aliona wazi kwamba yule mwanamke alikuwa akisema kweli, kwani kila mraba ukihama, mlinzi alizidi kuwa mtu. Alipoinua uso kumshukuru, mlango ulikuwa mtupu. Sakafuni palibaki nyayo nyeupe. Akagusa kwa kidole, akaonja. Ilikuwa chumvi.

Renzo alipiga makofi alipomwona mlinzi mpya. Wiki iliyofuata mwanamke akarudi, saa ile ile, akanywa mtungi ule ule, akamrekebisha nahodha: paji pana, jino lililovunjika, macho yanayokaribiana. Wiki ya tatu akamgeukia waziri. Hapo akaenda polepole, kama anayekula kitu kitamu asichotaka kiishe. Alipomaliza, jicho la kushoto la waziri lilikuwa limebaki na mraba mmoja mtupu, katikati, pale pa mboni.

"Huo uache," alisema. "Nitakwambia lini."

Jioni ile Stambuli alirudi kutoka mazikoni, kanzu imejaa vumbi, akakaa barazani bila kuvua viatu.

"Wawili katika mwezi mmoja," alimwambia mkewe. "Nzai, na leo Kitsao. Nilifanya nao kazi kule mashamba ya chumvi, Marereni. Na wote kifo kimoja. Mtu analia maji, anapewa maji, anakunywa, na bado anakauka. Kitsao ulimi wake ulikuwa mweupe kama…"

Tumu alikuwa ameweka daftari juu ya kiti. Stambuli, kwa mazoea tu, alilivuta alitazame. Miwani ikamshuka puani.

"Huyu Nzai umemjua wapi?"

"Huyo ni mlinzi wa mchezo, shemeji."

"Na huyu ni Kitsao. Jino lake hili." Akafunua ukurasa wa tatu, na Tumu, aliyesimama mbele yake, akaona kwa mara ya kwanza kile ambacho hakukiona kwa siku nyingi alipokuwa akihesabu miraba: mashavu yale, mvi zile kwenye sharafa, ule upole mdomoni. Waziri alikuwa Stambuli.

"Nani aliyekwambia unichore?" aliuliza kwa sauti ya chini sana.

Tumu akamweleza yote. Alipofika kwenye miguu myeupe, Kaltuma akaanza kusoma Ayatul-Kursi. Stambuli alifunika uso kwa viganja, na maneno yakamtoka humo humo viganjani.

"Anaitwa Kahonzi. Alikuwa akibeba chumvi. Tajiri wetu, mwenye yale mashamba, alimtaka, naye akamkatalia mbele ya vibarua wote, akamsukuma mkono. Tajiri akasema afungiwe ghalani siku moja, apate adabu. Kitsao nyapara akamburuta, Nzai mlinzi akashika mlango, mimi karani nikafunga. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Kesho yake ilikuwa Idi. Nilimsikia akigonga, Kaltuma. Nilimsikia, nikasema nitamfungulia nikirudi, nikaja hapa, ukanipikia pilau. Tulirudi siku ya nne."

"Mkamfanya nini?" Kaltuma aliuliza.

"Tulimfukia kwenye birika la kukaushia chumvi lililoachwa, karibu na mikoko. Tajiri akaniambia niandike kwamba ameacha kazi. Mama yake alikuja siku tatu mfululizo. Nilimwambia bintiye amekwenda Mombasa."

Asubuhi walimwita Mwalimu Abdalla, msomaji wa mtaa. Alisikiliza, akaandika kombe la aya sahanini, akaliosha kwa maji, akamnywesha Stambuli, lakini hakuonyesha matumaini. "Pale chumvini pana wenyewe," alisema. "Mtu akifa na dhuluma kama ile juu ya ardhi yao, jini wa mahali huvaa sura yake akaibeba kiu yake. Mimi nafukuza jini aliyeingia nyumba isiyo yake. Huyu ameletwa na haki. Stambuli, nenda kwa mama wa marehemu, sema, onyesha kaburi. Huenda akakuachilia."

"Nitakwenda," Stambuli alisema. "Ijumaa ikipita."

Ijumaa ikapita. Akasema atakwenda mwezi ukiandama. Akasema miguu inamuuma. Kaltuma akamwaga chumvi ya mawe kwenye kizingiti cha uani, kwani tangu utotoni alisikia kwamba jini havuki chumvi, na Tumu akakaa ndani akitazama mlango, jua la saa saba likiwa limesimama uani bila kivuli hata cha mtungi, na pakawa kimya, kuku wakanyamaza, redio ya jirani ikafifia, harufu ya tope ikaingia kidogo kidogo ikamjaa puani na kooni, mpaka alipomwona yule mwanamke amechuchumaa pale kizingitini, akiokota punje moja moja, akizilamba, akizimeza, kwa utulivu wa mtu anayekula kwao.

"Sasa," alisema. "Jaza."

"Ana mke. Ameahidi atakwenda kwa mama yako."

"Mimi pia aliniahidi. Nilimwambia kupitia ufa wa mlango, kaka, maji tu. Akasema, narudi." Alisimama, akavuka kizingiti kisicho na chumvi tena. "Jaza jicho, Tumu. Nataka anione."

"Siwezi! Wallahi siwezi!"

Mwanamke akatabasamu, na midomo ikapasuka bila kutoka damu. "Kalamu si yako peke yako," alisema, akatoka.

Tumu hakungoja. Alijaribu kuichoma karatasi ile, moto ukakataa kuishika; akaitia majini, penseli haikufifia. Akaona bora iondoke nyumbani kabisa. Akajitupia buibui akakimbia mpaka kwa Renzo, akampa daftari zima.

"Lifungie. Usiliguse, tafadhali. Huyu waziri hasa, usimguse."

"Sawa, sawa," Renzo alisema, bila kuelewa chochote ila hofu yake Tumu.

Lakini Renzo alikuwa fundi, na fundi hawezi kulala na kazi iliyobaki na tundu. Kesho yake mchana alifungua daftari, akamtia waziri kwenye televisheni, mraba kwa mraba, kama alivyochorwa. Akarudi nyuma, akakunja mikono. Alipenda kila kitu isipokuwa lile jicho. Palikuwa na kasoro ndogo tu. Akabonyeza kitufe kimoja.

Shela, Stambuli alikuwa akila. Aliweka tonge chini akasema, "Nipe maji." Kaltuma akampa bilauri. Akaomba nyingine. Alikunywa mtungi, akanywa ndoo ya kisimani, akaenda kwa magoti mpaka kwenye beseni la kuoshea vyombo, na maji yakimtiririka kidevuni na kifuani aliendelea kulia kwamba anakauka, na Kaltuma akimshika kichwa aliona ulimi wa mumewe ukigeuka mweupe kuanzia ncha, na macho yake yakikazia mlango wa uani ambapo hapakuwa na mtu, akisema, "Nafungua, nafungua, huu hapa ufunguo," mpaka sauti ikakatika.

Siku ya rambirambi tajiri alikuja kwa gari. Wanaume walimpisha barazani, akaketi kwenye kiti cha Stambuli. Tumu alikuwa nyuma ya pazia la dirisha.

"Stambuli alikuwa mtu wa siri," tajiri alisema. "Watu wa namna yake wamekwisha." Akaomba maji. Akaletewa bilauri baridi, akanywa nusu, na nusu iliyobaki akaimwaga mchangani, akaendelea kuzungumza.

Tumu aliyaona yale maji yakizama. Kesho yake alipanda basi kwenda Marereni.

Mama wa Kahonzi, ambaye Wagiriama wenzake walimwita Mekahonzi, alimpokea kwenye nyumba ya makuti, akasikiliza hadithi yote bila kutoa chozi. "Nilimtafuta Mombasa miaka mitatu," alisema tu. Walikwenda na jamaa, wakachimba karibu na mikoko pale alipopataja Stambuli. Chumvi ilikuwa imemhifadhi. Leso zake mbili zilikuwa bado zimefungwa. Walimzika kwao. Polisi walikuja wakaandika, wakamhoji tajiri, naye akawaambia kwamba waliofanya hayo wote watatu wameshakufa, na jambo likaishia hapo.

Baada ya mazishi Tumu alikwenda kuaga. Ilikuwa mchana. Mekahonzi alimkalisha mkekani, akaingia ndani, akatoka na daftari jipya la shule lenye miraba, na penseli iliyochongwa kwa kisu.

"Mwanangu, umesema wewe unachora, na watu wanakwambia palipokosewa."

"Mama, nimeacha kuchora. Dada yangu yuko edani."

"Najua. Mumewe alifunga mlango kwa sababu aliambiwa afunge. Aliyemwambia bado anakunywa maji." Akaweka daftari mapajani mwa Tumu. "Mimi sijui kushika kalamu. Lakini ule uso naujua. Nilisimama mbele yake siku tatu nikiuliza mwanangu yuko wapi."

Tumu alitaka kusimama. Alimkumbuka Kaltuma aliyejifungia chumbani, amekonda, akiamka kila adhuhuri kujaza mtungi ambao hakuna anayeunywa. Akakumbuka bilauri ile, na mkono uliomwaga. Kuku wa Mekahonzi walikuwa wamenyamaza. Harufu ya tope ilikuja kutoka nyuma ya nyumba, ikatulia mgongoni kwake, karibu kabisa, na mama mzee hakugeuka kuitazama. Alisogea kidogo tu mkekani, kama anayempisha mtu nafasi.

Tumu akafungua ukurasa wa kwanza.

"Anza na paji la uso," Mekahonzi alisema.

Akaanza. Hakuwa amefika mbali aliposikia juu ya bega lake ulimi mkavu ukigonga kinywani.

"Ni pana zaidi ya hapo. Ongeza mraba."

Tumu akaongeza.