Nilivyomsahihisha Elkana

Kila asubuhi saa kumi na mbili kengele ya bweni la shule yetu ya Kiyahudi hapa mjini Tsfat hulia. Wavulana arobaini hunawa mikono, husali, kisha huvamia meza kula mayai na matango. Kwa majuma matatu niliyafanya hayo yote peke yangu, katikati ya wenzangu thelathini na tisa. Nikiomba chumvi, ilisukumwa mpaka kwangu, lakini aliyeisukuma hakunitazama.

Kosa langu nitalieleza kwa heshima zote linazostahili. Sabato moja rafiki yangu Elkana, aliyekuwa ametimiza miaka kumi na mitatu, aliitwa kusoma Torati mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Gombo la Torati halionyeshi namna ya kuimba maneno yake. Msomaji huyabeba yote kichwani. Akikosea, yeyote anayesikia hupaza sauti, naye hurudi nyuma akasoma upya. Ndivyo tulivyozoea.

Elkana alikuwa hajakosea popote. Mimi, mheshimiwa Nehorai, nikapaza sauti: "Siyo! Rudia!" Akarudia. "Siyo!" nikasema tena. Wadogo wawili nyuma yangu wakacheka, nao wakaanza kupiga kelele hizo hizo. Rabi Azulai, mwalimu wetu, alimwashiria Elkana aendelee, lakini Elkana alikuwa amekwisha kupoteza mstari. Sauti ikamkatika, akamaliza huku analia.

Rabi alinipa adhabu ya kufagia ua juma zima. Nikafagia, nikajiona nimetakata. Wenzangu hawakunigombeza. Waliacha tu kusema nami.

Ukafika mchana wa mkesha wa Siku ya Upatanisho. Sisi huombana msamaha kabla ya mfungo kuanza, jua linapotua. Nikapanda juu ya benchi wakati wa chakula.

"Ndugu zangu! Yeyote niliyemkosea tangu kuumbwa kwa dunia, anisamehe!"

"Shuka huko, unamwaga supu," mmoja alisema. Hakuna aliyecheka.

Rabi akaniita nje. "Umemwomba nani msamaha?"

"Wote, Rabi."

"Nitajie jina moja."

Nikaanza kurudi kwenye supu, akanishika bega.

"Jioni hii utasimama mbele za Mungu. Uliyomkosea Yeye, atasamehe. Uliyomkosea Elkana, hatayagusa mpaka umridhishe Elkana. Jua hilo linateremka."

Nilimkuta Elkana akipiga pasi shati lake jeupe.

"Elkana, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Unajua."

"Nitajuaje? Mimi si ndiye nisiyejua kusoma?"

"Nilikupigia kelele za uongo. Ulikuwa unasoma sawa."

"Mimi najua nilisoma sawa! Bibi yangu ndiye asiyejua. Alipanda mabasi matatu kutoka Dimona, na trei ya biskuti mapajani. Alikaa upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Hakuona kitu, alisikia tu 'Siyo! Siyo!' Sasa kila akipiga simu ananiambia, 'Usijali, mwanangu, si kila mtu amejaliwa kichwa.' Kamwambie yeye, bwana. Usinisumbue mimi."

Jua lilikuwa limekaribia mlima Meron. Nikakimbia kwa Rabi kuomba simu na namba ya bibi yake Elkana, nikapiga.

"Haloo! Sema haraka, kuku yuko motoni."

"Shalom, Bibi. Naitwa Nehorai. Mimi ndiye niliyepiga kelele Elkana akisoma. Hakukosea. Nilikuwa namfanyia mzaha."

Nilisikia sufuria ikichemka.

"Hakukosea hata herufi moja?"

"Hata moja, Bibi."

"Ngoja." Akaita, "Simha! Ayala! Acheni vyombo, njooni hapa!" Kisha kwangu: "Sema tena, shangazi zake wasikie."

Nikasema tena. Wakamwita na jirani, nikasema mara ya tatu.

"Wewe ni mtoto mbaya," Bibi alisema, na nikajua analia. "Mbaya kabisa! Umekula lakini? Mfungo ni mrefu, kunywa maji."

Nilipogeuka, Elkana alikuwa mlangoni, pasi bado mkononi.

"Mtoto mbaya," akasema polepole. "Haya, nimekusamehe. Twende, tutachelewa."

Tukateremka ngazi za mawe kuelekea sinagogi, sote tukiwa tumevaa mavazi meupe ya siku hiyo. Rabi Azulai alikuwa katikati yetu.

"Nehorai," akasema, "kosa halifutwi kwa kutangaza juu ya benchi. Kosa lina mwenyewe, na mwenyewe ana jina. Wakati mwingine ana na bibi huko Dimona. Ukitaka kusamehewa, mtafute huyo, umwambie ukweli wote, na umwambie yeye mwenyewe."