Ondoa Hilo Jiwe

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya kijiji cha Daudi, wakati Fabiola alipomwambia bintiye achukue ndoo.

"Eva, kimbia chemchemini kabla giza halijaingia."

"Si ulisema tutaenda wote, mama?"

"We tangulia, nakuja."

Hakwenda. Alikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kidole kimoja na kioo cha simu kilichopasuka pembeni. Tangu simu za kupangusa zizoeleke huku milimani, fundi cherehani huyu alikuwa amenogewa na kuchora kupita kiasi. Alijiunga na kundi la WhatsApp la wanaojifunza, watu wa Mbulu, Katesh, hata Dodoma, ambao hawajawahi kuonana. Sheria yao ilikuwa moja: ukikosolewa, usijitetee. Rekebisha, tuma tena. Pascal, kiongozi wao, alimtoa mtu kundini kwa kubisha tu.

Wiki ile Fabiola alichora chemchemi yao. Alichora maji, magugu, na lile jiwe kubwa jeusi ambalo wazee waliliweka kwenye mdomo wa chemchemi baada ya mtoto wa Yoakimu kuzama, mahali ambapo maji hayafiki hata magotini. Walichinja kondoo mweusi hapo, wakasema jiwe lisiguswe. Tangu hapo watu wakawa wanateka maji yanayopenya pembeni yake.

Picha ilisifiwa kidogo. Halafu ikaandika namba isiyo na jina wala sura.

"Jiwe linaziba. Liondoe."

Fabiola alisita. Lakini sheria ni sheria, na picha ni picha tu, si ndiyo? Akalifuta kwa kidole. Na kweli, picha ikapendeza, kundi zima likamshangilia. Mwanamke ambaye maisha yake yote alisifiwa kwa kupunguza suruali za watu akavimba kichwa.

Jioni hii namba ile ilirudi.

"Weka mtoto. Ainame."

Akaweka.

"Mfupi zaidi. Sweta la kijani. Kiwiko kimetoboka."

Akapaka kijani, akatoboa kiwiko, haraka haraka, huku anatabasamu peke yake.

Kidole kikasimama chenyewe.

Eva alikuwa ametoka na sweta la kijani. Kiwiko chake, mama mtu alikuwa hajakishona bado.

Simu ikatetemeka. Alikuwa Pascal: "Jamani, hii namba kaiunga nani? Anayeunga watu humu ni mimi, na sijaiunga."

Fabiola alitoka mbio bila viatu. Alijilaani njia nzima. Mwanangu, mwanangu wa pekee, nimemtuma kwa ajili ya sifa za watu nisiowajua! Giza lilishaingia. Huko bondeni kulinuka tope bichi, kama kisima kilichochimbwa leo. Vyura, ambao hawanyamazi saa hizo, walikuwa kimya...

Jiwe halikuwepo.

Hakukuwa na alama ya kuburutwa. Pale lilipokaa palikuwa na maji meusi, yametulia, na mtoto ameinama juu yake.

"Eva!"

Akainuka taratibu. Mzima. Mkavu. Fabiola akamkumbatia, akalia kwa sauti, akamshukuru Mungu. Ndoo wakaiacha hukohuko. Walipanda kilima mbiombio, mama mbele, mkono wa mtoto ukiwa wa baridi kiganjani mwake.

Nyumbani aliwasha taa ya sola. Eva alikuwa amempa mgongo, anavua sweta.

"Ulikuwa unaongea na nani kule?" Fabiola alinong'ona.

"Bibi mmoja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kutoka chini ya maji."

"Akasemaje?"

"Amesema unajua kuchora, mama. Ila macho yangu umeyakosea."

Fabiola akarudi nyuma hatua moja, mpaka ilipo taa.

"Amesema usihangaike," mtoto akaendelea. "Ameyarekebisha mwenyewe."

Akaanza kugeukia mwanga.

Fabiola akaizima taa.