Karatasi Mbili za Mwaka wa Moto

Mtaani waliitwa Mkasi na Sindano, na wateja wengi hawakujua kama wana majina mengine. Mkasi alikata nguo. Sindano alishona. Kwa miaka kumi na miwili walikuwa katika chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na pasi ya mkaa iliyounguza kola za watu ilipojisikia. Mkasi alisali msikitini, Sindano alisali kanisani. Ijumaa mchana Sindano alibaki na wateja peke yake. Jumapili asubuhi ilikuwa zamu ya Mkasi. Watu walitania kwamba chumba kile kinaombewa mara mbili kwa wiki, ndiyo maana mishono yake haifumuki.

Kisha ukaja msimu wa uchaguzi, na simu zikaanza kuleta maneno. Upande wa Wakristo ujumbe mmoja ulizunguka nyumba hadi nyumba. Ulisema Waislamu wanajiandaa kuchoma kanisa, kama walivyofanya mwaka wa moto, mtaa ulipoteketea miaka hamsini iliyopita. Watu waliusoma wamesimama, wakautuma kwa wengine kabla hawajakaa. Hakuna aliyeuliza umetoka wapi.

Sindano aliishi na mama yake mzazi. Bibi huyo alipousikia ujumbe ule hakulia wala hakupiga kelele. Alifungua sanduku lake, akatoa karatasi ya manjano iliyofungwa kwenye kitambaa, akamwambia bintiye asome. Sindano akasoma, masikio yakamwaka moto. Yalikuwa matusi juu ya kanisa, juu ya mapadri, juu ya mama za watu. Chini iliandikwa: Vijana wa Msikiti.

"Niliiokota chini ya mlango wetu nikiwa na miaka kumi na mitatu," mama alisema. "Siku ya tatu mtaa ukawaka. Mjomba wako hakutoka ndani. Sasa sikiliza. Jumamosi namtuma mtu wa mkokoteni akachukue cherehani yako. Utashonea hapa nyumbani."

Sindano hakubisha. Mama ni mama. Lakini kesho yake kazini alishona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia, akafumua, akaushona tena palepale. Mkasi alimtazama. Akamuuliza, shoga, leo umeamkaje? Ndipo Sindano akamweleza yote, macho yake yakiwa sakafuni kwa aibu.

Mkasi aliweka mkasi mezani.

"Kwetu nayo ipo," alisema polepole. "Babu alituachia. Duka lake liliteketea mwaka uleule. Ila ya kwetu inatutukana sisi."

Siku iliyofuata kila mmoja alikuja na karatasi yake. Wakazilaza kwenye meza ya kukatia, bega kwa bega. Ile ya Mkasi ilitukana msikiti, ikamtukana imamu, ikawatukana hata watoto wa madrasa. Chini iliandikwa: Vijana wa Kanisa. Wanawake wale wawili walisoma na kuona haya, kila mmoja kwa ajili ya upande wake.

Lakini mkata nguo ana macho yake. Mkasi alipitisha kidole pembeni mwa karatasi ya kwanza, kisha ya pili. Akachukua futi akapima. Urefu sawa, upana sawa. Unene ulikuwa mmoja. Na kwa zote mbili ukingo wa chini ulikatwa upande, ukipanda kidogo kuelekea kulia.

"Sindano," alisema, "hizi zimetoka jora moja."

Walifunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya, wakaenda kwa Mama Wino.

Mama Wino alikuwa mchapaji. Katika chumba chake cha uchochoroni alichapa kadi za harusi na vitabu vya risiti, kwa mashine ya zamani na herufi za madini ya risasi alizozipanga moja moja kwa mkono. Vidole vyake vilikuwa vyeusi hata siku ya sikukuu. Alivifuta, akachukua kioo cha kukuzia, akainama. Alizipitia mstari kwa mstari hata Sindano akaanza kuhesabu matone ya bomba la nje.

Kisha akawaeleza. Herufi ya chapa huumia kama mtu. Inaanguka, inagongwa, inavunjika. Ikishapata kovu, kila karatasi inayopigwa nayo italionyesha kovu hilo. Herufi mbili haziwezi kuumia sawasawa, kama vile watu wawili hawawezi kuanguka wakachubuka mahali palepale.

"Tazameni R hii," alisema. "Mguu wake umekatika katikati. Hii ni karatasi ya Mkristo, mstari wa tatu. Haya, tazameni ya Mwislamu, mstari wa kwanza. Mguu uleule."

Sindano alitazama. Aliona mguu mdogo, mweusi, uliokatika. Akatazama upande wa pili akauona tena. Watu waliochukiana hata wakauana walikuwa wametukanwa na mashine moja.

Mama Wino alikuwa bado ameinama. Ghafla aliweka kioo mezani. Akainuka, akavuta droo ya chini kabisa iliyojaa vumbi. Herufi za droo ile hakuzitumia tena kwa sababu zilikuwa zimechakaa. Alizinunua kama vyuma chakavu, miaka ishirini iliyopita, siku ofisi ya mkuu wa mji ilipofunga chumba chake cha chapa. Alianza kuzitoa R moja baada ya nyingine, akizigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ya nane hakuirudisha. Aliipaka wino, akaikandamiza kwenye karatasi nyeupe.

Mguu ulikuwa umekatika katikati.

Alimwekea Sindano kiganjani. Ilikuwa ndogo, haizidi punje ya mahindi. Sindano aliigeuza kwa kidole. Alimfikiria mjomba ambaye hakuwahi kumwona, na duka la babu yake Mkasi, na mama yake aliyefunga sanduku kwa miaka hamsini. Yote yale, na kidude hiki kilikuwa kimelala droo ya chini, mitaa miwili kutoka nyumbani.

"Kwa hiyo ni mkuu wa mji aliyeandika?" aliuliza.

"Taratibu," Mama Wino alijibu. "Herufi inasema zilichapwa wapi. Haisemi nani aliagiza. Nenda ukamuulize mtu aliyekuwepo. Muulize, baada ya moto, nani alipata nini?"

Jioni Sindano alimwekea mama yake karatasi zote mbili mapajani, na ile herufi juu yake. Alimweleza kwa utaratibu, kisha akauliza swali lile.

Mama alianza kujibu kama mtu anayesimulia jambo la kawaida. Mwaka ule, alisema, mkuu wa mji aliitaka ile ardhi ya soko, karibu na mto. Watu wakakataa. Padri na imamu waliandika barua moja ya kukataa, na yeye mwenyewe alimwona baba yake akitia sahihi, imamu akimshikia taa. Wiki mbili baadaye zikaja karatasi. Baada ya moto watu wote walihamishwa, wakaambiwa ni kwa usalama wao. Na pale sokoni pakajengwa...

Hakumaliza. Alizitazama karatasi zile, moja, kisha nyingine.

"Pakajengwa ofisi zao," alisema. "Na sisi hatukuandika tena barua pamoja."

Jumamosi asubuhi mtu wa mkokoteni alisimama mlangoni mwa mafundi. Sindano akaanza kukusanya nyuzi zake. Kumbe mama hakubadili neno lake. Lakini mkokoteni haukuja mtupu. Ulibeba cherehani kuukuu ya mkono, na nyuma yake alikuja mama mwenyewe, akihema, akimwonya yule mtu asiigongeshe ukutani. Hakuwahi kukanyaga chumba kile.

Alipokuwa bado anatafuta pa kukaa, aliingia mteja na simu yake, akausoma ule ujumbe wa kanisa kwa sauti ya hofu. Mama akamgeukia Mkasi.

"Na upande wenu wameandikiwa nini?"

Mkasi alitoa simu yake. Ulikuwa ujumbe uleule, neno kwa neno. Ila palipoandikwa Waislamu paliandikwa Wakristo, na palipoandikwa kanisa paliandikwa msikiti, basi. Mteja alizishika simu zote mbili muda mrefu, akafuta wake, akatoka kwenda kuwaonyesha majirani.

Swali la bibi likazunguka mtaa kuliko ule ujumbe. Kila aliyeletewa uchochezi aliulizwa, na upande wa pili wameandikiwa nini? Padri na imamu waliandika barua moja, ikasomwa Ijumaa na Jumapili. Uchaguzi ukaja ukapita, na hakuna mlango uliochomwa. Karatasi mbili za manjano ziko chini ya kioo cha meza ya kukatia, na wateja huzisoma wanapopimwa.

Lakini siku ile ya Jumamosi, mteja alipotoka, mama alikaa kwenye cherehani yake na kuhangaika na tundu la sindano. Bintiye alinyoosha mkono amsaidie. Mama akampita, akampa Mkasi uzi.

"Nitungie, mwanangu."

Mkasi alikosa tundu mara mbili. Mara ya tatu uzi ukapita.