Ndege Iliyokataa Kuinua Pua

Kila nikitoka shule nilipitia karakana ya baba, Ujiji, anakounda boti za wavuvi. Nilimwamkia, nikafagia maranda, kisha nikarudi kwenye ndege yangu niliyoikata kwenye boksi jeupe, jepesi la povu, la kuwekea samaki. Ndege hiyo ilinichosha mpaka nikatamani kuikanyaga. Kila nikiirusha, inachomeka pua mchangani!

Mkiani niliiwekea usukani wa kusimama, kama wa boti. Vibawa viwili vidogo vilivyolala pembeni yake nilivigandisha kwa gundi, nikaviona pambo tu. Nikipinda usukani kulia, ndege inakata kulia, halafu puu, chini.

Ijumaa Mwalimu Gervasi angechagua wa kwenda maonyesho ya sayansi, na alitaka kila mwanafunzi alete ndege aliyoiunda na daftari lenye majaribio kumi ya kuirusha. Mimi nilikuwa na matatu. Alhamisi nikakaa nikabuni saba.

"Wema," mwalimu aliuliza akisoma daftari, "Jumanne uliirusha uwanjani, ikaenda mita kumi na mbili?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Jumanne mvua ilinyesha kutwa. Uwanja ulikuwa bwawa!"

Darasa zima likacheka. Niliona aibu, machozi yakanilenga. "Nilibuni, mwalimu. Ya kweli ni matatu, na katika yote ndege ilianguka kwa pua."

"Jamani, Wema! Hayo matatu ya kweli ndiyo niliyoyataka, si saba ya kubuni! Ungeniambia, tungejua shida tangu Jumatatu. Usukani huu unageuza kushoto na kulia tu. Boti inatosheka na hilo, ndege haitosheki."

Alichanja kwa wembe ukingo wa nyuma wa vile vibawa vya mkiani, akaupinda juu kidogo. "Upepo ukigonga hapa, mkia unasukumwa chini, pua inainuka. Ukipinda chini, pua inainama. Haya, twende uwanjani, urushe."

Kwa pupa nikaupinda zaidi. Pua ikapanda mno, ndege ikaishiwa mwendo, ikadondoka.

"Andika!" mwalimu alifoka.

Nikaandika. Nikapunguza kidogo, nikarusha tena. Safari hii ilielea mpaka kwenye uzio wa shule, nikaruka kwa furaha.

Hata hivyo, aliyechaguliwa ni Agnesi, ambaye ndege yake ilifika nusu ya uwanja tu.

"Lakini yangu imefika mbali zaidi!" nililalamika.

"Imefika leo, baada ya kusema ukweli," mwalimu alijibu. "Mwenzako ameandika kila ilipoanguka, akarekebisha. Mimi unaweza kunidanganya, Wema, lakini ndege haisomi daftari. Itaendelea kuanguka mpaka ukubali kuandika kwamba imeanguka."