Kelepi na Chanjo ya Saratani ya Figo

Jumamosi hiyo nilikuwa jikoni nikipika majani ya magimbi kwa tui. Wifi yangu Lupe alinisaidia. Mume wangu Kelepi alikuwa sebuleni, mlango umefungwa. Sisi Watonga wa visiwa vya Pasifiki, hata hapa Sydney, Australia, kaka na dada hawakai chumba kimoja, wala hawazungumzi mambo ya mwilini. Na Lupe ni muuguzi wa wagonjwa wa saratani. Basi Kelepi alikojoa damu miezi mitano, kimya, dada yake asije akajua. Mjinga mume wangu, na ninampenda.

Alipopimwa, ilikuwa saratani. Figo moja ikatolewa. Madaktari waliogopa ugonjwa usije ukarudi, wakamwomba aingie kwenye majaribio ya chanjo mpya. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Yeye alikataa.

"Wifi, muulize kwa nini," Lupe alisema.

Nilifungua mlango kidogo.

"Chanjo ni ya mtu ambaye hajaugua," Kelepi alijibu. "Mimi nimeshaugua. Tena wasije wakanibadilisha vinasaba!"

"Mwambie hii ni ya kutibu," Lupe alisema kwa sauti kubwa, makusudi. "Wanachunguza uvimbe uliotolewa, wanasoma alama zake. Kisha wanatengeneza ujumbe uitwao mRNA. Ni kama kuwapa askari wa mwili picha ya mwizi. Saratani ikiwa imebaki mahali, waitambue, waishambulie. Ujumbe haugusi vinasaba vyake. Baada ya siku chache unayeyuka."

"Muulize kama nitapona."

"Mwambie sijui!" Lupe alijibu. "Hakuna anayejua bado, ndiyo maana ni majaribio. Anaweza kupata homa, mkono ukamuuma. Anaweza kujitoa siku yoyote. Ila akikataa kwa kunionea haya mimi..."

Alilia.

Kelepi alikuja hadi mlangoni. Alitazama sakafu.

"Dada," alisema, "nitakwenda. Tafadhali, twende wote."

Miaka kumi na tisa ya ndoa, sikuwahi kumsikia akimwomba hivyo. Nililia na mimi.

Mwaka umepita. Picha za hospitali hazionyeshi saratani. Daktari anasema ni mapema kujua kama ni kazi ya chanjo. Sisi tunashukuru, na kila miadi tunakwenda.

Siku hizi, wanaume wakikaa kunywa kava, kinywaji chetu cha mizizi, Kelepi huwaambia, "Ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, nenda hospitali. Mimi nilinyamaza nikidhani ninamheshimu dada yangu. Kumbe nilikuwa ninamwandalia matanga."