Maelezo Matatu ya Kasuku

Kila asubuhi Kasuku alifagia kibanda cha kushonea cha mama yake, kisha akaenda shule. Jumanne hii hakwenda. Waliongozana na mama hadi mahakama ya watoto, kwa mara ya nne.

"Wateja wananisubiri, mimi nazunguka na wewe mahakamani," mama alinung'unika. "Leo utasema nini? Kwamba ulikuwa unaota?"

Kasuku, binti wa miaka kumi na minne, alishtakiwa kwa kushirikiana na vijana wawili wakubwa kumnyang'anya muuguzi gari lake kwa nguvu. Kesi ya vijana hao ilisikilizwa kwingine.

Chumba kilikuwa kidogo, na wasikilizaji hawakuruhusiwa. Hakimu hakuvaa joho. Alikaa nao meza moja, pamoja na afisa ustawi wa jamii. Muuguzi alikaa kando, mkono wake umefungwa bandeji.

Hakimu alifungua jalada, akashusha pumzi. "Binti, kwanza ulisema hukuwepo. Halafu ukasema ulikuwa unapita tu. Mara ya tatu, ulilazimishwa. Sasa niandike lipi?"

"Nililazimishwa, mheshimiwa," Kasuku alisema, macho sakafuni.

Mama alijishika kichwa. "Mwanangu, umenichosha. Njia ya mwongo ni fupi, nawe umeshafika mwisho wake."

"Nimekuja kwenu mara tano," afisa ustawi aliongeza. "Nitakuteteaje kwa jambo nisilolijua?"

Muuguzi aliomba kusema. "Ulinigongea kioo ukilia kwamba mdogo wako ameanguka. Ndiyo maana nilifungua mlango. Juzi, kwenye gari la dada yangu, mtoto mwingine aligonga. Huyo, nilikuja kujua baadaye, alikuwa mgonjwa kweli. Niliogopa, sikufungua."

Kasuku aliinua macho, akamgeukia muuguzi.

"Sikulazimishwa," alisema hatimaye. "Waliniahidi simu, nikakubali. Nisamehe, mama."

"Nimekusikia," muuguzi alijibu. "Kusamehe, bado."

Hakimu aliamuru Kasuku awe chini ya uangalizi wa afisa ustawi kwa miaka miwili, aripoti kwake kila Ijumaa, aendelee na shule na asiandamane tena na vijana wale.

"Mahakama hii ipo ili mtoto aliyepotea arudi njiani," alisema akifunga jalada. "Lakini aliyepotea asiposema yuko wapi, tutamfuata wapi? Ukikosea, sema kweli siku ya kwanza. Kosa lako lilikuwa moja. Uongo ndio uliolizidisha."