Rafu ya Tano, Safu ya Nane

Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, nilimpandisha shemeji yangu hadi rafu ya tano, safu ya nane, ghalani kwetu. Mita tisa. Ilibaki katoni moja tu ya oda ya mwisho.

Kupandisha mtu kwa foklifti kumekatazwa. Sote tulikuwa tunafanya. Anasimama juu ya paleti ya mbao, dereva anainyanyua. Dereva hamwoni, kwa hiyo aliye juu anagonga mbao. Mara moja, simama. Mara mbili, shusha.

Mwezi wa tatu, mpanga mizigo alianguka kutoka safu hiyohiyo, akafa. Dereva wake aliapa kwamba alisikia ikigongwa mara mbili. Mimi nilikuwa karibu. Niliwaambia wakaguzi sikusikia kitu. Dereva akafukuzwa kazi.

"Usinisahau huku, shemeji," shemeji alisema kutoka juu. "Dada yako akijifungua sipo, utambembeleza mtoto wewe."

"Chukua katoni ushuke. Punguza domo."

Akatoka kwenye paleti, akaingia ndani ya rafu. Nilisikia katoni ikiburutwa. Ikanyamaza.

Ko. Ko.

Nikashusha. Paleti ikatua mbele yangu.

Tupu.

Ilinuka vumbi lililoloa.

"Shemeji?" Sauti yake ilitoka juu, ndogo. "Umeiteremsha? Mbona sijagonga?"

Taa ya safu ya nane ilikuwa imeungua tangu Jumatatu. Kule juu hakuweza kuona ukingo.

"Usikanyage!" nilipiga kelele. "Haipo! Naipandisha!"

Nikavuta wenzo. Mnyororo ukaanza kulia.

Kisha nikajisikia nikiongea… kule juu. Sauti yangu, pamoja na mafua yangu ya wiki ile.

"Kanyaga tu. Ipo."

Shemeji akacheka kidogo. "Sasa nimsikilize shemeji yupi?"

"Mimi! Wa chini!"

"Mimi," ilisema ile sauti, kwa upole. "Niko hapa mbele yako. Nipe mkono."



"Usimpe!" nikasema. "Kaa chini hapohapo, ushike nguzo!"

Shemeji alikuwa anaongea na mwingine, kwa kunong'ona.

"Mbona mkono wako wa baridi hivi, shemeji?"

Nilikuwa nimevuta wenzo hadi mwisho. Foklifti ina mwendo wake.

Paleti ilikuwa imefika rafu ya tatu alipokanyaga.